UKATILI NI UGONJWA UNAOKINGIKA: TUUTAFUTIE FUNGU KATIKA BAJETI YA KIJIJI



Mara nyingi katika ukurasa huu tumezungumza juu ya malaria, kuhara, upungufu wa damu kwa akina mama wajawazito na lishe ya watoto. Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya ugonjwa mwingine, ambao hauonekani kwa darubini ya maabara lakini unatujazia vitanda wodini. Nao ni ukatili katika nyumba zetu na vijiji vyetu. Tena tutauzungumzia kwa namna ambayo pengine hamkuitarajia kutoka kwa wauguzi, yaani tutazungumza juu ya fedha za halmashauri.

Msishangae. Sisi wauguzi tumeshona majeraha kwa miaka mingi, na tumejifunza kwamba majeraha mengi ya aina hii yangeweza kuzuiwa. Majirani walijua, na jumuiya ilijua. Mara nyingine hata serikali ya kijiji ilijua, isipokuwa hapakuwa na nauli, mafuta ya boti, wala mtu wa kutumwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo sisi tunaujenga wodini kwa damu na nyuzi.

MAMA ALIYEKUJA MARA TATU

Hatutataja jina la mama huyu wala la kijiji chake, na baadhi ya mambo tumeyaacha makusudi ili asijulikane. Itoshe kusema kwamba alitoka katika kijiji kimojawapo cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako barabara ya gari haifiki na watu husafiri kwa boti.

Mara ya kwanza alikuja na jeraha la kichwa. Akatuambia aliteleza juu ya mawe alipokuwa akichota maji ziwani. Tukamshona akarudi kwake. Mara ya pili alikuja na mkono uliovunjika. Akasema alianguka akiwa amebeba kuni. Muuguzi mmojawapo alimwuliza kwa upole kama kuna neno jingine la kusema, naye akatazama chini, kwa sababu shemeji yake alikuwa amesimama mlangoni.

Mara ya tatu aliletwa usiku kwa boti ya dagaa. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Tulimtundikia chupa mbili za damu, akakaa wodini siku 11. Yeye alipona, bali mtoto hatukuweza kumwokoa.

Alipopata nguvu ndipo akaeleza. Ndipo sisi nasi tukapata kujua jambo lililotusikitisha zaidi. Katika kijiji chake ilikuwepo kamati ya kuwalinda wanawake na watoto. Mjumbe mmoja wa kamati, mama wa WAWATA, alilijua jambo hili tangu lile jeraha la kwanza. Kamati ilikaa, ikaandika barua kwa afisa ustawi wa jamii kumwomba aje. Afisa akajibu kwamba atakuja yatakapopatikana mafuta ya boti. Katika mpango wa mwaka ule kiasi kidogo cha fedha kilikuwa kimetengwa kwa kazi hiyo, lakini hakikutolewa. Katika daftari la kamati iliandikwa kwamba shauri limeahirishwa. Likaahirishwa tena hadi boti ya dagaa ilipofika kwetu usiku.

Hatumlaumu afisa yule. Eneo lake ni kubwa, naye hana chombo chake cha kusafiria. Wala hatusemi kwamba mafuta yale peke yake yangebadilisha moyo wa mume yule. Lakini tunajua kwamba safari moja ya boti hugharimu kidogo sana kuliko chumba cha upasuaji, damu na siku 11 za kitanda. Na uhai wa mtoto yule hauna bei ya kulinganisha.

KWA NINI TUNAUITA UGONJWA

Wapo watakaosema kwamba ugomvi wa nyumbani ni siri ya nyumba na haihusu hospitali. Shirika la Afya Duniani halioni hivyo. Mwaka 1996 mkutano wake mkuu ulitangaza kwamba ukatili ni tatizo la afya ya umma, na mwaka 2002 shirika hilo likatoa taarifa kubwa kueleza kwamba ukatili una vyanzo vinavyojulikana na kwa hiyo unaweza kukingwa.

Hapa Tanzania vipimo vipo. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu watoto, wasichana karibu 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walieleza kwamba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 27 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofika miaka 15. Kama malaria ingekuwa hivyo, tungesema ni janga.

Tukumbuke Kagunga mwaka 2015. Wakimbizi kutoka Burundi walijaa ufukoni kwa maelfu, wakisubiri kuvushwa kwa meli ya MV Liemba, ndipo kipindupindu kikaingia. Watu wapatao 30 walikufa. Hakuna aliyesema kuhara ni siri ya nyumba. Serikali, mashirika na Kanisa walitafuta fedha mara moja za dawa ya kutibu maji, vyoo, mahema na boti. Kila mtu alielewa kwamba huwezi kukaa hospitalini na dripu ukimsubiri mgonjwa, huku maji machafu yakiendelea kunywewa.

Ukatili nao una maji yake machafu, nayo ni pombe ya kupindukia, njaa ndani ya nyumba, wivu, watoto kuzoea kumwona baba akimpiga mama, na majirani kunyamaza. Kuyasafisha maji hayo ni kazi ya watu wengi, na kazi ya watu wengi haiendi bila fungu la fedha.

KAMATI IPO, MKOBA HAUNA KITU

Huenda baadhi yenu hamjui kwamba kijijini au mtaani kwenu inatakiwa iwepo Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto. Kamati hizi zilianzishwa kwa Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, unaojulikana kwa kifupi kama MTAKUWWA. Awamu ya kwanza ilikuwa ya miaka ya fedha 2017/18 hadi 2021/22. Awamu ya pili ilizinduliwa mwaka 2024, nayo ni ya hadi 2028/29. Kamati zinatakiwa ziwepo kuanzia kijiji au mtaa, kwenda kata, halmashauri, mkoa, hata taifa. Ndani yake hukaa viongozi wa serikali, walimu, wahudumu wa afya, viongozi wa dini na wawakilishi wa wanawake na watoto. Kwa hiyo katekista au mwenyekiti wa jumuiya anaweza kuwa mjumbe, pamoja na ndugu zetu wa msikitini.

Mpango ni mzuri. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio katika maeneo yao. Wajibu upo, kamati ipo, lakini mara nyingi mkoba wa kamati hauna kitu. Wajumbe hujitolea. Mwanzoni hukutana kwa moyo, baadaye huchoka, mwisho kamati hubaki kuwa orodha ya majina ukutani mwa ofisi.

Kamati ndogo ya kijiji haihitaji mali nyingi. Kwa yale tuliyoyaona, mahitaji yake hasa ni haya:

1. Nauli au mafuta ya boti na pikipiki ya kumfikisha aliyeumizwa hospitalini na polisi.
2. Daftari, kalamu na muda wa maongezi wa simu.
3. Chakula na godoro kwa mtoto au mama atakayehifadhiwa kwa jirani mwema siku mbili tatu.
4. Nauli ya mashahidi kwenda mahakamani. Kesi nyingi hufa kwa sababu shahidi ni bibi maskini asiye na nauli, nayo mahakama iko mbali ng'ambo ya milima. Ndipo ndugu huanza kusema, "tuyamalize nyumbani."
5. Gharama ya mikutano ya mafundisho kwa wanandoa, vijana na wavuvi, kabla ugomvi haujatokea.

Angalieni hilo la tano. Manne ya kwanza ni ya kumsaidia aliyekwisha kuumia, na la tano ndilo kinga yenyewe. Nalo ndilo linalokatwa kwanza fedha zinapopungua.

FEDHA ZINATOKA WAPI?

Mkoa wetu wa Kigoma una halmashauri nane. Kila moja ina mapato yake ya ndani, kama ushuru wa mazao, ushuru wa samaki na dagaa, ada za masoko, stendi na leseni. Kila mama anayeuza migebuka Kibirizi na kila mkulima wa mawese au kahawa anachangia mfuko huo kwa njia moja au nyingine. Fedha nyingine hutoka serikali kuu, na nyingine kwa wafadhili.

Kwa miaka mingi kazi hii ya kuzuia ukatili imebebwa sana na wafadhili. Tangu mwaka 2017 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikuwa na mpango wa pamoja hapa Kigoma, na kukomesha ukatili dhidi ya wanawake na watoto kulikuwa sehemu yake. Tunawashukuru kwa moyo. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwaka 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, tuliona jinsi kazi njema inavyoweza kusimama kwa uamuzi uliofanywa mbali sana nasi. Mfadhili akiondoka anayebaki ni halmashauri, kwa hiyo fungu la kinga halina budi kuwa na mizizi katika mapato yetu wenyewe, hata kama ni dogo.

Liko pia fungu jingine ambalo wengi wenu mnalijua, yaani asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutakiwa kukopesha bila riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, na iliporudishwa mwaka 2024 Manispaa ya Kigoma Ujiji ilikuwa miongoni mwa halmashauri 10 zilizochaguliwa kujaribu utaratibu wa kupitishia mikopo benki. Mikopo hii si fungu la kuzuia ukatili. Lakini mama mwenye kipato chake ana mahali pa kuanzia akisema "hapana". Hata hivyo tunatoa onyo: tumehudumia akina mama waliopigwa siku ile ile ya kupokea fedha za kikundi. Mkopo bila mafundisho kwa baba na mama kwa pamoja unaweza kuongeza ugomvi badala ya kuupunguza.

Na neno moja zaidi ambalo tulijifunza kwa yule mama aliyekuja mara tatu. Fedha kutengwa ni jambo moja, kutolewa ni jambo jingine. Katika kitabu cha bajeti unaweza kuona kiasi kimeandikwa vizuri, na mwaka ukaisha bila hata shilingi moja kufika kijijini. Kwa hiyo tusiishie kuuliza, "Mmetenga kiasi gani?" Tuulize pia, "Kimetoka kiasi gani, lini, na kimefanya kazi gani?"

MBALAMWEZI, GIZA NA KUFUNGWA KWA ZIWA

Sisi tunaoishi mwambaoni tunajua kwamba mapato ya nyumba huenda na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika. Wodini tumeona kwamba ugomvi nao una majira yake. Fedha zinapoingia kwa wingi, pombe huingia nazo. Fedha zinapokwisha na sufuria ikawa tupu, maneno huanza.

Tangu mwaka 2024 limeongezeka jambo jingine. Mwaka ule, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, uvuvi upande wetu ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, na mwaka 2025 ukasimamishwa tena. Hatupingi hifadhi ya ziwa, kwa maana ziwa lililokufa litatuua sisi sote. Lakini katika miezi hiyo mitatu baba hukaa nyumbani bila kazi, mama hana dagaa wa kuanika, na halmashauri nayo hukosa ushuru wake. Maana yake, nyumba inapohitaji msaada zaidi, mfuko wa halmashauri unakuwa mwepesi zaidi.

Dawa yake ni kupanga mapema. Kama tunavyogawa vyandarua kabla ya masika, fedha za mafundisho na za dharura zitolewe kabla ya Mei, na mikutano na wavuvi ifanyike kabla nyavu hazijatundikwa.

KAMCHAPE HUPATA FEDHA

Tuseme sasa jambo linalotutia aibu. Mnawafahamu Kamchape, wale wanaojiita wafichua wachawi. Jina hilo si geni: miaka mingi iliyopita lilisikika pia Ufipa, kusini mwetu. Watu hawa wakiingia kijijini, wazee hunyoshewa vidole, nyumba hubomolewa, na watu huumizwa hata kuuawa. Hatujasahau Oktoba 2014, watu saba walipouawa katika kijiji cha Murufiti, Kasulu, kwa tuhuma za uchawi.

Tumesikia kwa masikio yetu kwamba viko vijiji ambako watu walichangishana kuwaleta Kamchape. Maana yake, fedha zipo. Kijiji kinachoweza kuchangia kumleta mtu wa kumtuhumu bibi kizee hakiwezi kusema hakina nauli ya kumpeleka bibi huyo hospitalini.

Na kwa kuwa huu ni ukurasa wa afya, tulieleze lile la macho mekundu. Bibi aliyepika kwa kuni miaka 50, akakausha migebuka kwa moshi na kuchemsha mawese, macho yake huwa mekundu kwa sababu ya moshi. Mzee anayesema peke yake usiku anaweza kuwa na ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Mtoto anayeanguka na kutoka povu pengine ana kifafa, ambacho kina dawa. Kuyaeleza haya kijijini kabla Kamchape hawajafika ni kuzuia mauaji, na kazi hiyo huhitaji mtu, nauli na siku moja tu.

JE, KINGA HII HUFANYA KAZI?

Ni haki kuuliza, kwa maana fedha za umma si za kuchezea. Mfano mmoja mzuri uko kwa jirani zetu wa Uganda. Huko Kampala mpango uitwao SASA! uliwafundisha watu wa kawaida wa mitaani, wanaume kwa wanawake, wakawa wanazungumza na majirani zao juu ya matumizi ya nguvu na madaraka ndani ya nyumba. Hawakutumia vitisho wala mabango makubwa. Walizungumza sokoni, vijiweni na majumbani, miaka kadhaa mfululizo. Watafiti walilinganisha mitaa iliyopata mpango huo na mitaa ambayo ilikuwa haijaupata. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba wanawake kupigwa na wenzi wao kulikuwa chini kwa karibu nusu katika mitaa iliyofundishwa. Hapa kwetu, shirika la Kivulini la Mwanza, lililoanzishwa mwaka 1999, limefanya kazi kwa njia inayofanana na hiyo kwa miaka mingi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kazi ile ilichukua miaka. Semina ya siku moja yenye soda na posho haibadilishi tabia ya mtu. Kwa hiyo ni heri fungu dogo linalotoka kila mwaka kuliko fungu kubwa la mara moja.

TUFANYE NINI PAROKIANI?

Wengi wetu hudhani bajeti ni mambo ya wasomi. Sivyo. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai. Vijiji na mitaa huanza kupanga vipaumbele vyao katika miezi ya mwisho ya mwaka unaotangulia, yaani kuanzia Oktoba hivi hadi Desemba. Kutoka hapo maombi huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwa wataalamu wa halmashauri. Madiwani huipitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka mpya, na Bunge humaliza kazi yake kabla ya Juni kwisha. Anayekwenda kuomba mwezi Julai amechelewa: chakula kimekwisha kupakuliwa.

Basi tunashauri yafuatayo:

Kwanza, katika Jumuiya Ndogo Ndogo tuulizane: kamati yetu ya ulinzi ipo? Wajumbe ni nani? Ilikaa lini mara ya mwisho? Kama jumuiya haina jibu, wawili watumwe kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa wakaulize kwa heshima.

Pili, tuhudhurie mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria mkutano huo hukaa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe. Hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Hapo mama wa WAWATA anaweza kusimama akasema: "Mwenyekiti, naomba iandikwe katika muhtasari kwamba kijiji kinaomba fungu la kamati ya ulinzi." Neno lililoandikwa katika muhtasari lina miguu, bali neno lililosemwa njiani hufia njiani.

Tatu, tumwone diwani wetu tukiwa kundi, wala si mtu mmoja mmoja. Waende WAWATA, UWAKA na VIWAWA pamoja na ndugu zetu Waislamu na wa madhehebu mengine. Ujiji ni mji ambao kengele na adhana husikika pamoja. Mtoto akipigwa hatuulizi ni wa dini gani. Padre na shehe wakisema neno moja, halmashauri itasikiliza.

Nne, tufuatilie. Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa wananchi kwenda kusikiliza. Kigoma Ujiji ilijaribu kuwa mfano wa jambo hili: mwaka 2016 ilikuwa miongoni mwa serikali za mitaa 15 tu duniani zilizochaguliwa kuanza mpango wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi, ingawa nchi yetu ilijitoa katika mpango huo mwaka 2017. Uwazi hauhitaji mpango wa kimataifa. Unahitaji raia anayeuliza bila matusi na kiongozi anayejibu bila hasira.

Tano, akina baba. Tunawaomba UWAKA waichukue kazi hii kuwa yao. Mwanaume humsikiliza mwanaume mwenzake. Baba mmoja akimwambia mwenzake kijiweni, "Ndugu yangu, mkono huo uwe wa kasia na jembe, si wa kumpigia mama watoto," hufanya kazi kuliko mahubiri kumi ya sisi wauguzi.

MTU AKIUMIZWA LEO

Wakati tukisubiri bajeti watu wanaumia, kwa hiyo haya yafuatayo yakateni, myabandike ukutani:

• Mwanamke au mtoto aliyebakwa afikishwe hospitalini mara moja, na isizidi saa 72. Ndani ya muda huo zipo dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI, na zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Asioge, wala nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekwe katika karatasi au kitambaa safi, si mfuko wa plastiki.
• Fomu ya polisi, PF3, ni muhimu kwa ushahidi. Lakini mtu anayevuja damu au aliyezimia apelekwe kwanza kwenye matibabu, na fomu ifuatiliwe na ndugu.
• Katika vituo vingi vya polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Ulizeni hapo.
• Namba 116 ni simu ya bure kwa taarifa za mtoto anayeteswa.
• Msimlazimishe mama aliyeumizwa kurudi nyumbani usiku ule ule kwa ajili ya kulinda heshima ya ukoo. Upatanisho ni jambo takatifu, lakini hauanzi kabla ya usalama.
• Mkiona jirani ana majeraha ya mara kwa mara yenye maelezo yasiyolingana, msisubiri mara ya tatu.

DINARI MBILI

Wapendwa, mnaikumbuka habari ya Msamaria Mwema katika Injili ya Luka. Huwa tunamsifu kwa huruma yake, kwa mafuta na divai aliyomimina juu ya majeraha. Lakini mara nyingi tunasahau kwamba asubuhi yake alitoa dinari mbili akampa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa zaidi ikihitajika. Huruma yake ilikuwa na fungu, tena fungu lililotolewa.

Yule mama aliyekuja mara tatu anaishi sasa kwa ndugu zake. Siku ya kuondoka alituuliza swali moja ambalo hatukuweza kulijibu vizuri: "Kumbe walijua?" Ndiyo, mama, walijua. Hawakuwa na mafuta ya boti.

Tunaomba kwamba msimu huu wa bajeti, katika kila kijiji kuanzia Kagunga hadi Kalya na katika kila mtaa wa Ujiji na Mwanga, asimame angalau mkristo mmoja aombe dinari mbili za kijiji chake zitengwe, kisha afuatilie mpaka zitolewe. Sisi tutaendelea kushona na kufunga majeraha, ndiyo kazi yetu, na tutafurahi sana siku kazi hiyo itakapopungua.

Mungu awabariki, na Familia Takatifu ya Nazareti iziombee nyumba zetu.